Python ghalani: Bottle, Flask, FastAPI au Django? Niliyojifunza kwa misimu miwili ya mizani

Tangu nilipoweka hapa picha ya vijana wawili wakipima mahindi huku wanaandika kwenye simu, nimepigiwa na maafisa wa kata za jirani, wote swali moja: "Hiyo sistimu mmeinunua wapi?" Hatujainunua. Nimeitengeneza mwenyewe kwa Python, kwa zana za bure, na leo nataka kueleza zana hizo zinatofautiana wapi ili anayetaka kujaribu asipoteze miezi minne kama nilivyopoteza mimi. Kwa hiyo leo hakuna viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Asiye na hamu na kompyuta anisamehe, wiki ijayo tunarudi shambani.

Kwanza mjue jambo lilikotokea. Kikundi chetu kina ghala, na wanachama wanaleta mahindi kuanzia mwezi wa 6 yakishakauka, yakae yakisubiri bei. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja. Msimu wa 2022, siku ya malipo, mama mmoja alisimama akasema, "Bwana shamba, mimi gunia zangu ni kumi na nne." Daftari lilisema 4. Ukurasa ulikuwa umelowa, na mbele ya ile 4 palikuwa na doa la wino. Mtunza ghala alikumbuka hivi, mume wa mama alikumbuka vile, na mimi ndiye niliyezunguka vitongoji vyote nikiwaambia watu waache kuuza mahindi kwa walanguzi yakiwa bado shambani, waliamini ghala. Mwisho kikundi kilimlipa mama magunia 9, yaani katikati. Aliondoka bila kuaga. Msimu uliofuata wanachama sita hawakuleta hata debe.

Tukajaribu Excel. Shida ni kwamba tuna mizani mbili, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na laptopu moja. Kila mpimaji akawa anaandika kwake, jioni tunaunganisha. Baada ya wiki tatu kulikuwa na faili linaitwa Ghala_mpya, jingine Ghala_mpya_sahihi, jingine Ghala_sahihi_mwisho, na hayakukubaliana hata mawili. Kijana mmoja wa mjini akatutajia bei ya kututengenezea mfumo, pamoja na ada ya kila mwezi. Ilizidi mfuko wote wa kikundi. Tena mfumo wenyewe ulitaka intaneti muda wote, na pale ghalani mtandao unaupata ukisimama juu ya kichuguu.

Mimi nina diploma ya kilimo, si ya kompyuta. Python nilijifunza usiku, kidogo kidogo. Lakini nilijua ninachotaka: laptopu ikae mezani ghalani kama seva, simu moja iwashe hotspoti, laptopu na simu za wapimaji zijiunge hapo, kisha kila mpimaji afungue kivinjari chake kwenye anwani kama 192.168.43.120:8080 na aone fomu fupi: jina, idadi ya magunia, kilo. Bando haliliwi, maana taarifa zinazunguka humo humo ghalani. Na kilo lazima ziandikwe, kwa sababu mnajua wenyewe, gunia la lumbesa na gunia la kawaida yote yanaitwa gunia moja.

Kazi hii unaweza kuiandika yote kwa Python tupu, lakini utaumia. Ndiyo maana watu wametengeneza viunzi. Kiunzi ni ile sehemu ya programu ambayo kila tovuti inaihitaji, imeshaandikwa tayari: kupokea ombi la kivinjari, kujua ombi limeelekea ukurasa gani, kusoma kilichojazwa kwenye fomu, kurudisha jibu. Wewe unaongeza ya kwako tu. Viunzi nitakavyovitaja vyote ni programu huria. Msimbo uko wazi, unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Flask na Django ziko chini ya leseni ya BSD, Bottle na FastAPI chini ya MIT. Hakuna atakayekuja kudai ada. (Nasema msimbo, sisemi kodi, maana nilipomwambia mwenyekiti "naandika kodi" aliuliza tutalipa shilingi ngapi.)

Jambo moja la kuelewa kabla hatujaenda mbele. Mwaka 2003 watu wa Python waliandika makubaliano yanayoitwa WSGI, kuhusu namna seva inavyozungumza na programu. Ichukulie kama ndoano ya nyuma ya trekta: ikiwa ya kipimo kimoja, unafunga jembe, haro au tela la mtengenezaji yeyote. Bottle, Flask na Django zote zinafungwa kwenye ndoano hiyo. FastAPI inatumia ndoano nyingine ya baadaye, inaitwa ASGI. Faida yake ni kwamba ukibadilisha kiunzi huhitaji kubadilisha kila kitu, na ukibadilisha seva, kiunzi hakijali.

Django: nyumba kamili

Nitaanza na kubwa niimalize haraka. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, mwaka 2003, ikatolewa kwa umma 2005. Kwenye gazeti ukurasa unatakiwa leo kabla kesho haijafika, na Django ina tabia hiyo: inakuja na kila kitu. Watumiaji na nywila zao, namna ya kuzungumza na kanzidata bila kuandika SQL, na kitu kitamu kuliko vyote, ukurasa wa msimamizi. Unaeleza jedwali lako lina nini, yenyewe inakutengenezea ukurasa wa kuongeza, kutafuta na kusahihisha.

Niliiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilipoanzisha mradi nikakuta faili zaidi ya kumi kabla sijaandika neno langu moja, na sikujua lipi la kugusa na lipi la kuacha. Ya pili ni laptopu yenyewe. Ni ya zamani, ina Windows 7, na Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Django ya mwisho kukubali Python 3.8 ni 4.2, ile ya mwaka 2023. Toleo la 5.0 linataka Python 3.10. Yaani ningeanza safari nikiwa tayari mwisho wa barabara. Mwenye mashine mpya hilo halimhusu.

Bottle: faili moja tu

Huku ndiko nilikoanzia, na bado naipenda. Bottle ilitengenezwa na Marcel Hellkamp, ikatoka 2009. Yote ni faili moja, bottle.py. Haihitaji kitu kingine chochote zaidi ya Python yenyewe. Unalinakili kwenye folda yako kama unavyonakili picha, umemaliza. Programu kamili ndiyo hii:

from bottle import route, run

@route('/mzani')
def mzani():
    return 'Karibu ghalani'

run(host='0.0.0.0', port=8080)

Mstari wenye alama ya @ unasema: mtu akifungua anwani inayoishia na /mzani, endesha kazi iliyo chini yake. Mstari wa mwisho unawasha seva. Hiyo 0.0.0.0 iangalieni vizuri. Ukiweka 127.0.0.1, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye viunzi vyote hivi, laptopu itajijibu yenyewe tu na simu za wapimaji hazitaona kitu. Nilipoteza jumamosi nzima nikidhani hotspoti ndiyo mbovu. Baada ya hapo Windows itauliza kama Python iruhusiwe kwenye mtandao. Kubali, la sivyo jumamosi ya pili nayo inaondoka.

Uzito wa zana niliuelewa siku umeme ulipokatika. Betri ya laptopu ilishachoka, ilidumu dakika kama kumi. Nje kuna foleni ya mikokoteni na pikipiki zenye magunia. Nilikuwa na Termux kwenye simu yangu na Python ndani yake. Nikahamisha kutoka laptopu faili mbili, bottle.py na la kwangu, pamoja na faili la kanzidata, nikawasha. Simu ikawa seva. Anwani ilibadilika, nikaiandika kwa chaki mlangoni, kazi ikaendelea mpaka saa 12 jioni. Wakati mwingine nilikuwa nimejaribu FastAPI kwenye simu hiyo hiyo, ikakwama: inategemea Pydantic, na tangu toleo la 2 la Pydantic, la mwaka 2023, kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya Rust. Simu ilitaka kukijenga upya kuanzia mwanzo, ikapata moto, ikashindwa. Tangu siku hiyo mtu akiniambia zana fulani ni nyepesi, simuulizi ina mistari mingapi. Namuuliza inabeba nini mgongoni.

Sasa makosa. Siku ya pili ya kupima, mzee mmoja alileta magunia mawili, moja kilo 86, jingine kilo 92. Skrini ikasema jumla kilo 8692. Watu walicheka, wakamwita tajiri wa kata, lakini mimi jasho lilinitoka. Kilichotokea ni kwamba chochote kinachotoka kwenye fomu, kwa Bottle na kwa Flask pia, kinafika kama maandishi. Python ukiiambia ijumlishe maandishi mawili inayabandika: 86 na 92 inakuwa 8692. Lazima ugeuze kila kimoja kuwa namba kwanza, na uwe na jibu la kumpa mpimaji kama ameandika "tisini na mbili" badala ya 92. Bottle haikukumbushi. Inakuamini. Ni kama panga: kali, nyepesi, na haina kinga.

Kosa la pili lilikuwa la Bottle yenyewe. Huku kwetu kuna majina kama Mung'ong'o. Simu ya mpimaji mmoja, ukibonyeza ile alama ya ng', inaandika iliyopinda badala ya iliyonyooka. Jina likawa linatokea na herufi za ajabu katikati, kama limepigwa na mvua. Kwenye matoleo niliyotumia, ukisoma fomu kwa request.forms.get, Bottle inazisoma herufi zisizo za kawaida kwa mpangilio wa zamani. Tumia request.forms.getunicode, tatizo linaisha. Jambo dogo, lakini mwambieni mkulima kwamba jina lake kwenye stakabadhi ni jambo dogo.

Flask: kaka mkubwa wa Bottle

Flask ni ya Armin Ronacher wa Austria. Ilianza kama mzaha wa siku ya wajinga, tarehe 1 Aprili 2010. Watu wakaupenda mzaha, akautengeneza kweli. Msimbo wake unafanana sana na wa Bottle, ukijua moja jioni moja inatosha kujua nyingine. Tofauti ni kwamba Flask haiji peke yake. Inaleta wenzake: Werkzeug wa kushughulikia maombi, Jinja wa kutengeneza kurasa, na wengine wadogo. Wote kwa pamoja hawafiki MB 1 ya kupakua, wakati Django peke yake ni kama MB 8.

Nilihamia Flask msimu wa pili. Mahitaji yalikuwa yameongezeka: mtunza ghala anatakiwa aweze kusahihisha, mpimaji asiweze, mwenyekiti aone jumla tu. Kwa hiyo lazima mfumo umkumbuke mtu aliyeingia. Flask ina kikao chenye sahihi ndani yake, Bottle unakijenga mwenyewe kwa kutumia kuki. Jinja nayo inakuruhusu kutengeneza kiolezo kimoja chenye kichwa na menyu, kurasa nyingine zote zikarithi. Bottle ina violezo vyake, na hata Jinja inaikubali, lakini kwenye Flask vimekaa tayari. Na kuna jambo ambalo huwezi kulipima kwa MB: ukikwama na Flask, mtu mwingine ameshakwama hapo kabla yako na jibu lipo. Kwa Bottle mara nyingi nilifungua lile faili na kulisoma mwenyewe. Lilinifundisha mengi, lakini si kila mtu ana usiku wa kusoma msimbo wa mtu.

Onyo kwenye Flask: kuna hali ya majaribio, wao wanaiita debug, ambayo kosa likitokea inakuonyesha msimbo wote na hata kukuruhusu kuandika amri za Python kwenye kivinjari. Ukiwa nyumbani unatengeneza, ni msaada mkubwa. Ukiisahau imewashwa ghalani, umemwachia kila aliye kwenye hotspoti ufunguo wa laptopu, PIN yake isikudanganye.

FastAPI: mkaguzi mkali

FastAPI ilitolewa na Sebastián Ramírez wa Colombia mwaka 2018. Hii ingezuia ile aibu ya kilo 8692. Unatangaza mwanzoni kwamba kilo ni namba, basi. Kilichoandikwa vibaya kinarudishwa mlangoni na hitilafu namba 422 kabla hakijagusa msimbo wako. Pia inakutengenezea yenyewe, kwenye anwani ya /docs, ukurasa unaoeleza programu yako inapokea nini na inarudisha nini.

Mbona sikuichukua? Hilo la simu nimeshalisema. La pili, ule ukurasa wa /docs kwa kawaida unachukua vipande vyake kutoka kwenye intaneti. Nyumbani ulipendeza, ghalani ukawa mweupe pee. La tatu ndilo kubwa: FastAPI imetengenezwa hasa kwa programu kuzungumza na programu, kwa mfano aplikesheni ya simu kutuma taarifa kwa seva. Kurasa za kawaida zenye fomu inaziweza, ila unaongeza Jinja mwenyewe, unaongeza na kifurushi kingine cha kusoma fomu, na ule wepesi unapungua. Kama wilaya yenu ina vijana wanaotengeneza aplikesheni ya simu ya kuripoti wadudu, na wewe unataka seva ya kuzipokea ripoti, hapo nenda FastAPI usiulize mara mbili. Habari za kasi yake ziko nyingi. Kwetu kasi haina maana: gunia moja kupandishwa kwenye mizani na kushushwa ni zaidi ya dakika, na kiunzi chochote kinasubiri gunia, gunia halisubiri kiunzi.

Viko vingine, kama web.py ya marehemu Aaron Swartz, ambayo Reddit ilikuwa imejengwa juu yake siku za mwanzo, na CherryPy ya tangu 2002. Nilivionja, sikukaa.

Kanzidata na seva

Kwa kuhifadhi, msihangaike: SQLite. Ilitolewa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ameiachia iwe mali ya umma, na Python inakuja nayo tangu toleo la 2.5. Kanzidata yote ni faili moja. Wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja lakini mwandishi ni mmoja; wa pili anasubiri, na kwa kawaida Python inamvumilia sekunde 5. Kwa mizani mbili hatujawahi kuifikia hiyo. Kitu kimoja: usinakili faili wakati watu wanaandika. Tumia amri ya backup iliyomo kwenye sqlite3, au zima seva kwanza ndipo unakili kwenye flashi.

Na hapa Mung'ong'o anarudi. Kwenye SQL, ile alama ya ' ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Mimi mwanzoni nilikuwa naunganisha amri ya SQL na jina kwa alama ya kujumlisha. Akija Sanga au Kihongosi, sawa. Akija Mung'ong'o, alama ya kwanza inafunga maandishi katikati ya jina, SQLite haielewi kilichobaki, mfumo unaanguka. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kupitia mlango huo huo kufuta jedwali lote. Dawa ni kuweka alama ya kuuliza mahali pa jina na kulipitisha jina pembeni:

db.execute('INSERT INTO mzigo (jina, kilo) VALUES (?, ?)', (jina, kilo))

Django inakufanyia hili yenyewe ukitumia njia yake ya kanzidata. Kwenye Bottle, Flask na hata FastAPI, ukiandika SQL kwa mkono, ni juu yako. Naomba sana hapa mtu asiruke.

Seva inayokuja na Bottle au Flask ni ya kujaribia. Kwa kazi yenyewe mimi natumia Waitress, ambayo imeandikwa kwa Python tupu na inakubali Windows. Gunicorn utaisikia ikisifiwa sana, ni nzuri, lakini haiendi kwenye Windows. Hapo ndipo ile ndoano inapoonekana faida yake: nilipotoka Bottle kwenda Flask, Waitress haikujua kama kuna kilichobadilika.

Nani ataitengeneza nisipokuwepo

Sisi watumishi tunahamishwa. Barua inaweza kuja mwezi wa 5, mwezi wa 6 mahindi yanaanza kuingia. Kwa hiyo mwaka jana nilikaa na katibu wa kikundi, binti aliyemaliza kidato cha nne, nikamwekea mbele matoleo mawili ya kitu kile kile, la Bottle na la Flask, nikamwambia: ongeza sehemu ya kuandika unyevu wa mahindi. La Bottle, faili moja la mistari kama mia mbili, alilisoma kutoka juu hadi chini akaongeza siku ile ile. La Flask lilimchukua siku tatu, kwa sababu nilishaligawa kwenye folda. Lakini alipotaka kuongeza ukurasa wa mwenyekiti, kwenye Flask alinakili kiolezo akamaliza, kwenye Bottle alivunja fomu ya mapokezi.

Tumebaki na Flask, na Bottle iko kwenye simu yangu na ya katibu kwa siku za giza, zinasoma kanzidata ile ile. Kikundi chenye mizani moja na mtu mmoja wa kuandika, nakishauri Bottle bila kusita. Nami nikiri: nikihesabu usiku nilioutumia kujenga kurasa za kuingia na za kusahihisha, ambazo Django inazo tayari, si uhakika kwamba nilipata faida. Tukipata laptopu mpya na vikundi vitatu vikaungana kama inavyozungumzwa, nitaanza na Django na wala sitaona aibu.

Kuweka haya yote mahali pasipo na mtandao, fanyeni hivi. Mkiwa mjini, kwenye mashine yenye Windows na Python ya toleo lile lile:

pip download flask waitress -d mzigo

Folda ya mzigo weka kwenye flashi. Ukifika ghalani:

pip install --no-index --find-links=mzigo flask waitress

Kama matoleo ya Python hayafanani, kuna vifurushi vitakataa, kwa hiyo hakikisha kabla hujapanda basi. Na nywila ya hotspoti isiandikwe ukutani. Kwenye kanzidata kuna namba za simu za watu na mali yao, na nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sisi tumeacha kabisa kuandika namba za vitambulisho, hatukuwa na kazi nazo.

Kaunta buku bado lipo. Kila mzigo unaandikwa pote pawili, na jioni katibu anasoma jumla ya skrini, mtunza ghala anasoma ya daftari, wote wanasikia. Msimu uliopita yule mama wa magunia 14 alirudi, na magunia 11. Hakutaka stakabadhi kwanza. Alimwambia mpimaji, "Mwanangu, hebu geuza hiyo simu nione," akahesabu mistari kwa kidole, moja moja, mpaka kumi na moja, ndipo akachukua karatasi yake akaifunga kwenye pindo la khanga.

Anayetaka msimbo wetu aje ofisi ya kata na flashi yake, nampa wote, Bottle na Flask. Msimbo ni bure, flashi ndiyo sina. Wiki ijayo: namna ya kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na chupa kabla hujayaleta ghalani.